Umeme ukikatika, king'ora hakipaswi kulia

Tanga wengi wanaamini kwamba umeme ukikatika, king'ora cha nyumba cha kuzuia wizi lazima kilie. Si kweli. Mfumo mzima huhamia kwenye betri kimyakimya. Ukilia, mara nyingi betri imechoka: volti zikishuka, king'ora cha nje huchukulia kwamba mwizi amekata waya, nacho hupiga kelele kwa betri yake ndogo ya ndani.

Betri kuu kwa kawaida ni ya volti 12, na hudumu miaka 3 hadi 5. Umeme ukiwepo, pima betri kwa mita ya volti; isome takriban 13.6. Zima swichi ya umeme, subiri nusu saa, pima tena. Ikisoma chini ya 12, nunua mpya. Kwa nyumba za Raskazone, karibu na bahari, kagua pia kutu ya kijani kwenye viungio vya waya. Chumvi hula shaba upesi.

Mjusi akitembea juu ya kihisi, kile kifaa kinachotambua mwendo, naye huamsha mtaa, kwa hiyo futa utando wa buibui na wadudu wanaomvuta hapo. Mwambie fundi apange king'ora kinyamaze baada ya dakika 15: majirani waliochoshwa na kelele hawatoki tena kuangalia.