Kufikisha Tiba kwa Jamii Zisizofikiwa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba jamii isiyo na huduma za tiba ikijengewa zahanati, tatizo limekwisha. Jengo huonekana na huzinduliwa kwa shangwe, na pengine ndiyo maana hupendwa sana na wenye kuhesabu mafanikio. Ukweli ni kwamba kuta hazitibu. Tazama chanjo tu: nyingi kati ya zile za kawaida hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi zinapomfikia mtoto, hivyo umeme ukikatika usiku na jokofu likashindwa kuhifadhi ubaridi, asubuhi mama aliyetembea mwendo mrefu na mtoto mgongoni huambiwa arudi wiki ijayo. Kwenye takwimu, mama huyo anahesabiwa kuwa ana zahanati.

Mwaka 1994, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakichunguza vifo vya wajawazito, walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Zahanati mpya hupunguza ule wa pili. Ule wa tatu hubaki palepale iwapo hakuna muuguzi wa zamu, dawa wala damu.

Wengine husema watu hawaendi kutibiwa kwa sababu ya ujinga au imani za jadi. Imani hizo zipo, wala sikatai. Hata hivyo, kibarua anayelipwa kwa siku akienda kupanga foleni hukosa ujira wake, hutoa nauli, kisha huandikiwa dawa akanunue nje. Huduma iitwayo ya bure tayari imemgharimu. Na aliyewahi kufokewa dirishani mbele ya watu hasahau. Huyo amekwisha kupiga hesabu zake, na kumwita mjinga ni kumkosea.

Ipo pia dhana kwamba pasipo daktari hapana tiba. Mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka miongoni mwa wakimbizi waliokuwa Bongaon, India, dripu zilipungua mno, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa glukosi, chumvi na bikaboneti, huku ndugu zao wenyewe wakishika vikombe. Vifo, vilivyokuwa vimekaribia asilimia 30, vilishuka hadi chini ya asilimia 4 kwa waliotibiwa. Upasuaji, bila shaka, hauwezi kuachiwa ndugu, na ndiyo sababu rufaa na usafiri wa dharura haviepukiki.

Simu nazo hutajwa kama mkombozi. Husaidia kupata ushauri, lakini haziwezi kufunga kidonda.

Dhana ya mwisho ni kwamba wahudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa wanawahudumia majirani zao, wanapaswa kujitolea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza walipwe kulingana na kazi wanayofanya na wawe na makubaliano ya maandishi. Sababu yake si ngumu kuiona: mhudumu asiyelipwa, msimu wa kulima ukifika, huenda shambani kwake, na kaya alizokuwa akizitembelea hukaa bila mtu hadi mavuno.