Bakuli la jirani: tuliyoyaamini kuhusu karantini na jamaa zetu

Kiswahili chenyewe hakikutusaidia mwaka 2020. Korona ilipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi, redio zilituambia "tujitenge", na aliyekutana na mgonjwa "atengwe". Kwetu Mombasa mtu hutengwa akiwa amekosa: haalikwi harusini, akifiwa haendewi matangani, na salamu yake hujibiwa shingo upande. Neno lilikuwa na uchungu wake kabla ya virusi kufika, na naamini nusu ya mambo tuliyoyakosea kuhusu kuwasiliana na jamaa zetu yalianzia hapo.

"Aliye karantini ameshakatwa na watu"

Kilichotakiwa kukatwa ni pumzi. Virusi vya korona husafiri kwa hewa tunayoitoa tukizungumza, tukikohoa au tukiimba, hasa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Sauti inayopita kwenye simu haina pumzi ndani yake. Shirika la Afya Duniani liliuona mtego wa maneno mapema. Tarehe 20 Machi 2020 mtaalamu wake, Maria Van Kerkhove, alieleza kwamba wanaacha kusema watu watengane kijamii, badala yake watasema wakae mbalimbali kimwili, kwa kuwa bado walitaka watu wawe pamoja kwa njia nyingine. Masahihisho hayo hayakufika vichochoroni kwetu. Sisi tulibaki na "tenga" yetu.

Tuliamini pia kwamba kukaa ndani na upweke ni kitu kimoja. Watafiti wa Marekani waliwauliza watu wazima 1,545 kuhusu upweke wao mara tatu: kabla janga halijawafika, mwishoni mwa Machi, na mwishoni mwa Aprili 2020. Kwa jumla upweke haukupanda, na wengi walisema wanajiona wana watu wa kuwategemea kuliko mwanzo. Kwa wazee ulipanda kidogo, kisha ukatulia. Nyumba za Marekani si nyumba zetu, na miezi mitatu si mwaka, kwa hiyo sitaki kuuvuta utafiti huo kupita kimo chake. Lakini unaonyesha kwamba mlango uliofungwa hauamui peke yake.

Mama yangu alikuwa Mji wa Kale, mtaa ambao kuanzia jioni ya 6 Mei 2020 haukuingiwa wala kutokwa. Ilikuwa kumi la pili la Ramadhani. Mimi nilikuwa Kisauni, ambako kwa siku za kawaida ni mwendo wa matatu moja tu. Kilichomuuma zaidi, kuliko hata kutoniona mimi, ilikuwa mabakuli. Futari ikitoka mlango huu kwenda mlango ule, bakuli halirudi tupu; hilo kila mtoto wa pwani analijua. Mwaka huo watu walianza kuogopa vyombo vya wenzao, wakapelekeana chakula kwenye vifuko vya kutupa, kisha wakaacha kabisa. Hofu hiyo ilipita kiasi. Sabuni na maji huvunja ngozi ya mafuta inayokifunika kirusi, na mwaka 2021 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilikadiria kwamba kila ukigusa kitu chenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000. Bakuli lililooshwa halikuwa adui. Adui alikuwa kusimama mlangoni na mwenye bakuli, uso kwa uso, kwa nusu saa ya umbea.

"Bila simu janja na bando huwezi kuwa karibu na mtu"

Dhana hii ndiyo iliyowaumiza wazee wengi, kwa sababu watoto wao walingoja hadi wawanunulie simu kubwa ndipo waanze kuwasiliana nao "vizuri". Kabambe ya mama, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, ilikuwa inatosha.

Amit Kumar na Nicholas Epley, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio yao mwaka 2021. Waliwataka watu wamtafute rafiki wa zamani, wengine kwa simu, wengine kwa barua pepe. Kabla ya kuanza, wengi waliona simu itakuwa na kigugumizi na aibu. Baada ya mazungumzo, waliopiga simu walijiona karibu zaidi na rafiki yule kuliko walioandika, na ile aibu waliyoitarajia haikuzidi ya wenzao. Katika jaribio jingine watu wasiojuana walizungumza kwa maandishi, kwa sauti, au kwa video. Sauti ndiyo iliyowaunganisha. Kuuona uso hakukuongeza kitu cha maana.

Wala haihitaji mazungumzo marefu. Kati ya Julai na Septemba 2020, huko Texas, watu 240 waliokuwa wakipelekewa chakula nyumbani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipigiwa simu na vijana wa miaka 17 hadi 23, wasio wataalamu wa chochote, waliofundishwa kwa muda mfupi kusikiliza na kumwachia mwenye nyumba achague la kuzungumza. Wiki ya kwanza walipigiwa karibu kila siku, kama dakika kumi, kisha kila mtu akachagua apigiwe mara ngapi. Baada ya wiki nne upweke, huzuni na wasiwasi wao vilikuwa vimepungua kuliko vya wasiopigiwa. Dakika kumi! Bei yake haifiki hata ya chapati mbili.

Siri iko katika lile la kumwachia achague. Wengi wetu hupiga simu kama makarani wa sensa: umekula? umekunywa dawa? pumzi iko sawa? Mama yangu alikuwa akijibu "alhamdulillahi" tatu na kukata. Siku moja nikamwambia mkate wangu wa kumimina haufuri, hata niuache usiku kucha.

"Shikamoo mama, nimeharibu tena."

"Marahaba. Nazi umetia ya nini, ya pakiti?"

Nilikiri. Alicheka, akanisema, akaingia kwenye habari ya marehemu nyanya yake na jiwe lake la kusagia mchele, na dakika arobaini zikapita. Mzee aliyefungiwa ndani huambiwa kutwa la kufanya. Ukimwuliza jambo analolijua kukushinda, unamrudishia kiti chake. Jingine lililotufaa ni saa maalumu. Mimi nilipiga baada ya Alasiri, na alijua. Simu ya ghafla usiku, wakati ule wa kafyu na taarifa za vifo, ilimshtua mtu kabla hajaipokea.

"Si tuko wote kwenye kundi la WhatsApp?"

Tuko, ndiyo, watu arobaini na tatu, na kila asubuhi picha ya maua imeandikwa "Sabahalkheri". Kundi lina kazi yake: kutangaza msiba, kuchanga, kujua nani amefika. Lakini kuona alama mbili za buluu si kumsikia mtu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwapa wasichana wadogo mtihani wa kuwatia wasiwasi mbele ya watu, kisha wakawaruhusu kuwasiliana na mama zao. Waliozungumza nao, kwa simu au ana kwa ana, miili yao ilitulia: homoni ya wasiwasi ilishuka, na ile inayohusiana na upendo wa mama na mwana ikapanda. Walioandikiana ujumbe wa maneno hawakutofautiana na wasiowasiliana na mtu. Maneno ya kuliwaza yalikuwepo. Ila sauti ya mama haikuwepo.

Kundi lilikuwa pia mlango wa uvumi. Limau na tangawizi, kujifukiza, minara ya simu ya 5G eti ndiyo iletayo korona. Uingereza watu walifikia hata kuichoma minara hiyo mwezi Aprili 2020. Tarehe 7 mwezi huohuo WhatsApp ilizuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mno usitumwe kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja, na kabla ya mwezi kuisha ikaongeza simu ya video kutoka watu wanne hadi wanane. Hatua zote mbili zilitufaa, ingawa watu wanane wa ukoo wetu kwenye video moja ni soko la Kongowea. Mjomba akituma uvumi, usimsahihishe mbele ya wajukuu zake. Mpigie. Nilijifunza hilo baada ya mjomba mmoja kuondoka kundini, na kumrudisha kulichukua kikao.

"Hao ni jamaa, si wageni"

Hapa kosa liligeuka upande wa pili. Watu waliovaa barakoa dukani waliivua wakifika kwa shangazi, kana kwamba damu moja ni chanjo. Mwenye korona huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajahisi lolote, na nyumbani ndiko tunakokaa karibu zaidi, kwa saa nyingi zaidi. Kumtembelea bibi kwa sababu "mimi sina hata mafua" hakukuwa ushahidi wa kitu. Kukaa naye barazani, penye hewa, mmeachana hatua kadhaa, kulikuwa na nafuu kubwa kuliko sebuleni.

"Mama akiugua aachishwe kunyonyesha"

La. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya Juni 2020, lilishauri mama mwenye korona aendelee kunyonyesha na asitenganishwe na mtoto, avae barakoa na kunawa mikono. Faida za maziwa na za kumkumbatia zilizidi hatari ya ugonjwa huo kwa mtoto.

"Walio ng'ambo watatusahau"

Aprili 2020 Benki ya Dunia ilitabiri kwamba fedha ambazo wahamiaji hutuma makwao duniani zingeanguka kwa karibu asilimia 20. Kwa Kenya ilikuwa kinyume: mwaka huo zilifika dola bilioni 3.09, kutoka bilioni 2.8 mwaka 2019. Kaka yangu aliye Muscat alipunguziwa mshahara, na bado alituma. Humu nchini nako, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba 2020, kutumiana hadi shilingi 1,000 kwa simu hakukukatwa ada, na watu walitumiana mia mbili za mboga ambazo zamani zingeona haya kutumwa.

Ila pesa ilizaa dhana yake: nimetuma, yatosha. Ujumbe wa M-Pesa una jina lako na saa, lakini hausemi umeamkaje. Mama alikuwa na msemo wake kuhusu kaka: "Huyu hunipigia kwa benki." Na katika kila nyumba yenye mgonjwa alikuwepo mtu wa tatu asiyetumiwa wala kuulizwa, yule anayepika, anayeacha sinia mlangoni na kufua mashuka usiku. Simu zote zilimwendea mgonjwa. Kwa dada yangu alipomuuguza mumewe, aliyeuliza "na wewe?" ni mmoja tu, tena si mimi.

"Akitoka karantini, mwache kwanza"

Kuanzia Juni 2020 Kenya iliruhusu wagonjwa wasio na dalili kali kuuguzwa nyumbani, na mwezi wa Agosti zamu ikafika kwa jirani wa mama, mlango wa pili. Alikaa chumba cha juu. Mama alikuwa akimpelekea uji wa pilipili manga kwenye bakuli lake la samawati, anauacha ngazini, anashuka, kisha anamwita kwa jina kutoka chini. Wakazungumza hivyo kila siku, mmoja dirishani, mmoja uani, na mtaa mzima ukisikiliza.

Jirani alipopona ndipo alipotengwa kweli. Watoto walikatazwa kupita mlangoni kwake, na muuza samaki aliyemletea kila siku akawa na safari nyingine. Wengine walidai cheti cha kipimo. Lakini tangu 27 Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaacha kudai kipimo cha pili: aliyekuwa na dalili alihesabiwa siku 10 tangu zilipoanza, na angalau siku 3 zaidi bila homa wala shida ya kupumua. Sababu ni kwamba kipimo huweza kunasa masalia ya virusi vilivyokufa kwa wiki kadhaa, baada ya mtu kuacha kuambukiza. Kwa wengi wa waliomkwepa, hakuna cheti ambacho kingetosha.

Wiki ya tatu mama alinipigia yeye, si saa yetu. Bakuli la samawati lilikuwa limerudi. Ndani yake mlikuwa na mahamri matano, bado ya moto, na alikuwa ameshakula mawili kabla ya kukumbuka kuniambia.