Kibodi ya PS/2 au ya USB? Uliza kwanza utaihitaji lini

Lile tundu la duara la PS/2, nusu zambarau nusu kijani, bado linakuja kwenye mothabodi nyingi za kompyuta za mezani, na kila likionekana huzuka ubishi uleule. Mmoja atasema ni masalia ya zamani yaliyosahaulika hapo nyuma. Mwingine ataapa kwamba PS/2 ina kasi kuliko USB na kwamba mcheza gemu anayejielewa hachomeki kingine. Mimi ninayeshinda nikifungua kompyuta za watu nina msimamo usiomfurahisha hata mmoja wao: kwa kazi ya kila siku chukua kibodi ya USB yenye waya na usiumize kichwa, ila kibodi moja ya PS/2 iweke kabatini, maana ipo siku itakuwa ndiyo pekee ambayo kompyuta inaisikia.

Jina limetokana na kompyuta za IBM Personal System/2 za mwaka 1987, zilizoleta plagi hii ndogo ya pini 6. Lugha inayopita ndani yake ni ya nyuma zaidi: ilianza na IBM AT ya 1984, iliyokuwa na plagi nene ya pini 5. Ndiyo maana kibodi ya AT huingia kwenye tundu la PS/2 kwa adapta isiyo na kitu ndani zaidi ya nyaya. Zile za IBM PC ya 1981 na XT ni habari nyingine, kwa sababu plagi ni ileile nene lakini lugha siyo. Baadhi ya kibodi za zama hizo zina swichi ndogo mgongoni ya kuchagua X (lugha ya XT) au A (ya AT), kwa hiyo ukiletewa moja na ukaambiwa imekufa, igeuze kwanza uitazame. USB yenyewe ilitoka 1996, na watu wengi waliizoea baada ya Apple kutoa iMac mwaka 1998 bila matundu ya zamani ya kuchomekea kibodi.

Sasa tuangalie kinachopita kwenye waya, kwa kuwa ubishi wote wa kasi umejificha hapo. Kebo ya PS/2 ina nyuzi nne zenye kazi: ya volti 5, ya kurudishia umeme, ya data na ya saa. Saa hiyo huipiga kibodi yenyewe, kati ya mara 10,000 na 16,700 kwa sekunde. Bonyeza A. Kibodi inatuma baiti moja, 1C kwa hesabu ya msingi wa 16. Ukiongeza biti ya kuanzia, ya ukaguzi na ya kumalizia zinakuwa biti 11, na safari nzima huchukua takriban milisekunde moja. Achia A, inatuma F0 kisha 1C, yaani kile kitufe sasa kimeachiwa. Baiti ikishafika, chipu inayopokea humkatiza prosesa papo hapo kwa laini ya kukatizia iitwayo IRQ 1. Kwa PS/2, kibodi ndiyo inayobisha hodi.

Kwa USB, mgeni hana ruhusa ya kubisha. Kompyuta ndiyo inayopita kila baada ya muda na kuuliza, “Una lolote?” Kibodi ya mwendo wa chini, megabiti 1.5 kwa sekunde, huulizwa kila milisekunde 8 au 10 hivi. Ya megabiti 12 inaweza kuulizwa kila milisekunde 1, ndiyo ile 1,000 Hz (mara 1,000 kwa sekunde) inayoandikwa kwenye maboksi, na zinazotangaza 8,000 Hz hutumia mwendo wa megabiti 480. Jibu la msingi la kibodi ni furushi la baiti 8. Ya kwanza ni ya Shift, Ctrl, Alt na wenzao, ya pili imeachwa, sita zilizobaki ni za vitufe vya kawaida. A ikiwa peke yake inasomeka 00 00 04 00 00 00 00 00, na kitufe kikiachiwa linakuja furushi la sifuri tupu.

Kwa hiyo anayesema PS/2 inawahi hasemi uongo, mradi anailinganisha na kibodi ya USB ya mwendo wa chini. Kosa lake ni kupima kipande kimoja cha njia. Kabla herufi haijaingia kwenye waya wowote, chipu ya kibodi inabidi ipitie gridi nzima ya vitufe kuona kipi kimebonyezwa, kisha isubiri vyuma vya swichi vitulie. Vikigusana huwa vinadundadunda, na bila kusubiri ungebonyeza “a” moja ukapata tatu. Subira hiyo mara nyingi hupangwa milisekunde 5, na ziko kibodi zinazozidisha. Mwisho wa njia kuna skrini, na ya 60 Hz huchora picha mpya kila milisekunde 16.7. Milisekunde chache za tundu zinamezwa humo. Kibodi ya PS/2 yenye chipu ya kizembe itashindwa na ya USB iliyotengenezwa vizuri, na mtumiaji hatajua kwa nini kwa sababu ameangalia plagi tu.

Hoja nyingine inayorudiwa ni ya vitufe sita: kwamba USB haiwezi kupokea zaidi ya sita kwa mpigo na PS/2 haina kikomo. Furushi la baiti 8 kweli lina nafasi sita, na ukizidisha, kibodi huzijaza zote 01, maana yake imezidiwa. Lakini furushi hilo liliwekwa kwa ajili ya BIOS, programu ya mothabodi inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, ili iielewe kibodi yoyote bila kusoma maelezo yake marefu. Mfumo endeshi, kama Windows, ukishaamka, kibodi ya USB inaruhusiwa kujieleza upya na kuleta furushi kubwa lenye biti moja kwa kila kitufe, na nyingi za leo hufanya hivyo. Hicho si kikomo cha USB, ni uamuzi wa aliyeitengeneza kibodi.

Na upande wa PS/2, kukosa kikomo kwenye waya hakusaidii kitu kama gridi ya vitufe haina daiodi, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Vitufe vitatu vikikaa kwenye pembe tatu za mstatili wa gridi, umeme hupita kinyumenyume na pembe ya nne ikaonekana kama nayo imebonyezwa. Ili isiandike herufi ya mzimu, kibodi huamua kunyamaza. Jaribio lake ni rahisi: fungua ukurasa mtupu, shikilia Shift zote mbili, halafu piga herufi zote moja moja, A mpaka Z. Kwenye kibodi nyingi za utando wa plastiki utakuta kuna herufi zimekataa kutokea, iwe ya PS/2 au ya USB. Tabia hiyo hutaibadilisha kwa kubadilisha plagi.

Sehemu ambayo PS/2 inastahili heshima yake ni kabla mfumo endeshi haujaamka. Kuisoma kibodi ya PS/2 ni kazi ndogo: anwani mbili, 60 na 64 kwa msingi wa 16, zilizokuwapo tangu enzi za AT, na karibu kila programu ya chini inazijua. USB inahitaji kidhibiti kiamshwe, vifaa vitambuliwe, draiva (programu ya kuviendesha) ipakiwe. BIOS ikikubali kufanya kazi hiyo mambo huenda sawa. Isipokubali, unabonyeza Delete au F2 mpaka kidole kiume na kompyuta inapita moja kwa moja. Mashine nyingi za zamani zina kipengele cha kuruhusu kibodi ya USB wakati wa kuwaka. Mtu akikizima, amejifungia mlango kwa ndani: kukiwasha tena anahitaji kibodi ambayo ameshaizima. Hapo ama unachomeka PS/2, ama unafungua boksi na kutoa betri ya mothabodi ili mipangilio irudi mwanzo. Kwenye mashine mpya, uwashaji wa haraka kupita kiasi huleta kisa kinachofanana, kwa sababu baadhi ya mothabodi huruka kabisa hatua ya kuamsha USB.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa 2015. Intel ilipotoa prosesa za Skylake, chipseti zake za safu ya 100, yaani chipu za mothabodi zinazoisaidia prosesa, ziliacha kidhibiti cha zamani cha USB 2.0, kikabaki cha kizazi cha USB 3.0 peke yake. DVD ya kusakinishia Windows 7 haikuwa na draiva ya kidhibiti hicho. Basi kibodi ya USB inafanya kazi bila shida ndani ya BIOS, unachagua DVD, ukurasa wa kwanza wa usakinishaji unafunguka, na hapohapo kibodi na mausi vinazima kama vimechomolewa. Watu walirudisha mothabodi wakidhani ni mbovu. Aliyekuwa na kibodi ya PS/2 aliendelea mpaka mwisho, akaweka draiva, kisha akaitumia USB yake kwa raha.

Kuna pia wanaoipenda PS/2 kwa sababu za usalama. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat kwamba programu ya ndani ya kifaa cha USB inaweza kuandikwa upya, flashi ikajitambulisha kama kibodi na kuanza kuchapa amri. Sehemu zenye siri nzito huamua kuziba matundu yote ya USB na kubaki na PS/2, maana hutachomeka flashi kwenye tundu la duara. Inaeleweka, ila isichukuliwe kwamba waya huo ni kaburi la siri: mwaka 2009 watafiti Andrea Barisani na Daniele Bianco walionyesha kwamba mapigo ya data ya PS/2 huvuja kwenye waya wa ethi wa umeme wa nyumba na yanaweza kusomwa kutoka kwenye soketi nyingine.

Kero zake ninazijua kwa mikono. PS/2 haikuundwa kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka. Mara nyingi hakuna kinachotokea zaidi ya kibodi kutotambuliwa mpaka uwashe upya, lakini fyuzi ndogo ya tundu inaweza kukatika, na kuibadilisha kwenye mothabodi si kazi ya dakika mbili. Zima kwanza. Pini zake nazo ni nyembamba, na anayechomeka kwa kupapasa nyuma ya meza akizungusha plagi huku anasukuma, atazipinda. Zambarau ni ya kibodi, kijani ni ya mausi, nusu kwa nusu inapokea chochote kati ya hivyo viwili.

Kwa wanaoona haya yote ni historia: kwenye laptopu yenye Linux, soma faili la /proc/bus/input/devices. Katika laptopu nyingi, hata za miaka ya karibuni, kibodi iliyojengewa ndani itajitaja kama AT Translated Set 2 keyboard. Plagi haipo, lakini lugha ya 1984 inaendelea kuzungumzwa chini ya vidole vyako.

Adapta ndizo zinazopoteza pesa za watu. Kile kijikofia cha zambarau cha kugeuza USB kuwa PS/2 hakina akili yoyote ndani. Kinaunganisha nyaya tu. Kinafanya kazi endapo kibodi yenyewe inajua lugha zote mbili, na kibodi nyingi za USB za leo hazijui. Dalili yake ni ya kudanganya: taa zinaweza kuwaka, kwa kuwa umeme unafika, ila hakuna herufi inayopita. Ukigeuza upande, yaani kibodi ya PS/2 kwenda kwenye tundu la USB, unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, mara nyingi ni kebo yenye mkia mmoja wa USB na matundu mawili, la zambarau na la kijani. Kibodi kongwe kama IBM Model M hula umeme mwingi kuliko za leo, na vigeuzi dhaifu huzilisha kwa shida: vitufe vinajirudia au kibodi inazima ghafla. Kabla hujailaumu kibodi, jaribu kigeuzi kingine.

Kuhusu plagi ya Type-C sina mengi. Ni umbo la plagi tu. Kibodi yenye tundu hilo mara nyingi bado inazungumza USB ya megabiti 12, na faida yake kubwa ni kwamba waya ukikatika unanunua mwingine.

Zisizo na waya zigawe mara mbili. Bluetooth kwa kawaida haionekani ndani ya BIOS, kwa hiyo anayetengeneza kompyuta asiitegemee. Ile inayokuja na kipokezi chake kidogo cha USB hujitambulisha kama kibodi ya USB ya kawaida, basi huko ndani huwa inaonekana. Zote mbili kwa kawaida hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba matundu na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kibodi ikianza kumeza herufi kila unaponakili faili kwenye diski ya nje, usikimbilie kubadilisha betri. Kisogeze kipokezi mbali na diski kwa kebo fupi ya nyongeza, au kihamishie tundu la mbele.