Uvimbe wa sarkoma ulitolewa tumboni, mbona unarudi?

Sarkoma ni nini?
Ni kansa ya tishu laini: mafuta, misuli, mishipa. Ya tumboni hupenda kukaa nyuma kabisa, nyuma ya matumbo karibu na figo, huko kuna nafasi kubwa so inakua kimyakimya.

Si daktari alisema ametoa yote?
Alitoa yote aliyoona. Lakini imebanana na figo, utumbo na mishipa mikubwa ya damu, hakuna pa kukata kwa upana, chembe zikibaki zinaanza upya. Ile ya mafuta inaweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Sina uchungu, skani ya nini?
Hapa ndio mnaniumiza roho. Uchungu hauji mapema! Siti skani (CT, picha ya ndani ya mwili) ni kila miezi 3 hadi 6 kwa ile miaka 2 au 3 ya kwanza, halafu kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5, kisha kila mwaka. Nilimpokea mzee mmoja tumbo limefura, mshipi ameutoboa mashimo matatu mapya kwa msumari, pale steji wanampongeza ati amenawiri, kumbe mashavu yameingia ndani na mikono ni mifupa. Fomu ya skani iko kwa bahasha ya kaki, tarehe ya mwaka juzi.

Na kama kweli sina uchungu kabisa?
Bado unakuja. Hata ukilala vizuri, hata ukimaliza ugali wote. Unakuja.

Ikirudi inakatwa tena?
Mara nyingi ndio, kama iko mahali pamoja, inakua polepole na mwili una nguvu. Pengine itolewe pamoja na figo moja au kipande cha utumbo. Ila opareshoni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, makovu yameshikanisha matumbo, kwa hivyo tafuta hospitali kubwa ya rufaa kama Kenyatta na uulize kama daktari wa upasuaji, wa kansa na wa picha wameijadili kesi yako pamoja. Ikishatapakaa tumbo nzima, kisu chaweza kukosa maana, inabaki kemo (dawa za kupambana na kansa) na kupunguza mateso.

Si kisu ndio husambaza?
Hapana. Hatari ni uvimbe kupasuka au kukatwa vipande vipande, ndio maana daktari anajitahidi kuutoa mzima. Kinachowamaliza ni miezi sita ya dawa za mitishamba za chupa huku uvimbe unakua, tafadhali jamani, acheni hiyo.

Sina pesa ya skani.
Pitia dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, hospitalini kabla ya tarehe yako, si baada ya kuikosa.

Nimepotea mwaka mzima, naogopa kugombezwa.
Njoo wiki hii. Beba skani za zamani, ripoti ya opareshoni na ile ya maabara ya uvimbe wa kwanza, daktari atataka kulinganisha.