Njoo na Unayelala Naye

Wengi wanaokatika pumzi usingizini huingia kliniki yangu hapa Nakuru wakilalamikia jambo lingine kabisa. Huyu presha yake haishuki hata kwa dawa tatu. Yule kichwa humgonga kila asubuhi. Mwingine anaamka kukojoa usiku kucha, ameshaamini ni sukari au tezi dume, lakini vipimo havioni kitu. Basi nauliza: unalala na nani, na huyo anasemaje?

Maana mwenyewe hajui. Usingizi ukikolea, misuli ya koo hulegea, ulimi na nyama laini za nyuma ya kaakaa zikaziba njia ya hewa. Kifua kinahangaika, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, koo linafunguka kwa mkoromo wa kishindo, naye anarudi kulala bila kukumbuka lolote. Kwa mtu mwenye dalili, pumzi kukatika mara 5 kwa saa ni ugonjwa tayari. Zikifika 30, ni mkali. Anayeyajua haya ni mke aliyekaa macho, akimtikisa mumewe apumue. Hata ule mkojo hutokana na hapo: kifua kikivuta dhidi ya koo lililoziba, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo zimwage maji.

Kwa hiyo sikubali kabisa ile imani ya wengi kwamba anayekoroma sana amelala vizuri.

Unene ndio chanzo kikubwa, hasa wa shingo: mzunguko wa zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume, 41 kwa mwanamke. Umri, taya dogo, ukoo, pombe ya jioni na dawa za usingizi huongeza hatari. Wanawake, hasa baada ya kukoma hedhi, huja na uchovu na kukosa usingizi, kisha wanaambiwa ni mawazo tu. Inaniuma. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa mara nyingi hasinzii darasani. Hutukutika, na huenda akakojoa kitandani.

Ninaowahofia zaidi ni madereva wa trela. Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, hautaki mtu anayesinzia, na miraa haitibu koo linaloziba. Mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa hulizuia lisizibe; kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia pia. Ukija, njoo na unayelala naye, au akurekodi kwa simu ukiwa usingizini.