INR nzuri si cheti cha kupona

Wiki hii nimelisikia tena, mara mbili kwa siku moja: "Daktari, vipimo vyangu vizuri miezi yote hii, kwa hiyo ile dawa nimeacha." Hakuna aliyesema anaomba kuacha. Ameshaacha. Dawa yenyewe ni warfarini, ya kuzuia damu isigande ndani ya mishipa, na kipimo ni INR, namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda.

Mmoja aliweka daftari mezani, akapitisha kidole kwenye safu ya namba: 2.4, 2.6, 2.3, 2.5. Zote kati ya 2 na 3, hapohapo tunapozitaka. "Mwenyewe unaona," akaniambia. Naona, ndiyo. Naona warfarini ikifanya kazi. Asiyetumia dawa hiyo INR yake huwa karibu na 1. Ile 2.5 inapima dawa, haipimi ugonjwa. Ukiacha vidonge, baada ya siku tano hivi namba imerudi chini, na tabia ya damu yako kuganda unaikuta ulipoiacha.

Kwani warfarini hufanya nini? Inalizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Basi. Haigusi jeni, na upungufu wa kurithi wa protini C, protini S au antithrombini, protini zinazozuia damu isigande ovyo, umo kwenye jeni. Sindromu ya antifosfolipidi, ambapo kingamwili za mwili wenyewe huchochea damu kuganda, kwa kawaida si ya kurithi, lakini kingamwili hizo huweza kukaa mwilini miaka na miaka, na dawa hii haiziondoi. Hata bonge lenyewe la damu iliyoganda haliyeyushi. Inalizuia lisikue huku mwili ukilimeng'enya taratibu. Jina la "dawa ya kuyeyusha damu" limetuharibia kazi kweli.

"Lakini ultrasaundi imeonyesha mshipa umefunguka." Nimefurahi. Picha hiyo inasimulia bonge lililopita, haisemi kitu juu ya lijalo. Miongoni mwa walioganda damu bila sababu inayoonekana, wakiacha dawa, takriban mmoja kati ya kumi hupata bonge jingine ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu robo yao ndani ya miaka 5. Mwenye antifosfolipidi hatari yake ni kubwa zaidi, na kwake bonge linaweza kwenda hata kwenye ubongo. Mguu kutouma hakutabiri lolote hapo.

Wanaotumia rivaroksabani na apiksabani, vidonge vingine vya kuzuia damu kuganda, hawana INR ya kujidanganyia, ila wao kinga huisha haraka zaidi: siku moja au mbili. "Iliisha Ijumaa, nikasema nitachukua Jumatatu." Jumatatu ulikuwa huna kinga. Mimi huwaambia, vikibaki vidonge vya wiki moja, wewe umeishiwa.

Mengine ninayoyasikia niyapitie upesi.

Kuacha kwa kupunguza kidogo kidogo: kidonge ulichokikata kwa wembe ni dozi isiyotosha, hakikuandai kuacha. Dozi ndogo zipo kweli, kwa mfano apiksabani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku baada ya miezi sita ya matibabu kamili, lakini si za kila mtu na huchagui wewe.

Kuhamia aspirini: ni bora kuliko kukaa bila chochote, ila kinga yake dhidi ya mabonge ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ni ndogo mno ukilinganisha na hizi. Na ukiimeza juu ya warfarini bila kuagizwa, unajitafutia kutokwa damu.

Jino: kung'oa jino moja au mawili mara nyingi hakuhitaji kuacha warfarini. Daktari wa meno anataka INR ya karibuni, kisha damu anaizuia papo hapo kwa pamba na mshono.

Mboga za majani, ambazo wengine huziogopa kwa sababu ya vitamini K: kula. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, nasi tutapanga dozi kulingana nacho.

Ujauzito: wanasema ukishika mimba uache dawa. Hapa kuna nusu ya ukweli. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Lakini mimba yenyewe huongeza kuganda kwa damu, kwa hiyo unahamishiwa sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Dawa inabadilika, kinga inaendelea. Tuambie unapopanga, usingoje tumbo lionekane.

Na niwe mwadilifu: wapo wanaoamini ukianza umeanza maisha. Hilo nalo si kweli. Aliyepata bonge baada ya upasuaji mkubwa mara nyingi humaliza kwa miezi mitatu, na nakala moja tu ya Faktori V Leiden (badiliko la jeni la kurithi linaloongeza kuganda kwa damu), peke yake, kwa kawaida si sababu ya kutumia dawa milele. Hatari ya kutokwa damu nayo hubadilika kadiri mtu anavyozeeka. Ndiyo maana nataka kila mmoja aandike ukurasa wa kwanza wa daftari lake: natumia hadi lini, na kwa nini. Kama daktari wako hakukwambia, muulize, na swali hilo mlirudie angalau kila mwaka. Nimewaachisha wengi mwenyewe, kwa furaha.

Yule wa daftari alikuwa na wiki tatu bila kidonge. Tulimtoboa kidole palepale: 1.1.

"Mbona imeshuka?" akauliza.

Haikushuka. Hiyo ndiyo yake. Alirudi nyumbani na warfarini, pamoja na sindano za heparini za kumlinda mpaka INR ipande tena juu ya 2.