Afrothismia: acheni kuling'oa ili "kuliokoa"

Mvua za Septemba zikianza tu Bukavu, swali linarudi lile lile: "Tukiliona lile ua adimu la Afrothismia porini, si tulichimbe na udongo wake, tulilete mjini lisipotee?" Hapana. Ukilichimba, umeliua.

Afrothismia haina jani la kijani hata moja. Chini ya ardhi ina vijinundu vilivyoshikana, na kutoka humo hutoka vijizizi vinavyoishi na kuvu. Kuvu hao huchota sukari kwenye mizizi ya miti ya jirani, na ua nalo huchota kwa kuvu. Kwa hiyo wewe unayekuja na jembe na mfuko unaona mmea mmoja, kumbe mbele yako kuna viumbe watatu, na mmoja wao ni mti wa mita 30 usioweza kuubeba. Hata ukitoa bonge la udongo la sentimita 30 kila upande, nyuzi za kuvu umeshazikata.

Kinachowadanganya watu ni kwamba ua halinyauki papo hapo. Linaweza kusimama siku kadhaa kwa akiba ya vile vijinundu, na mwenye nalo anatangaza kwamba limeshika. Likianza kulegea anaongeza maji, na maji ndiyo yanayoozesha vijinundu. Wengine hutia samadi au mbolea ya NPK. Fosfori nyingi kwenye udongo hudhoofisha kuvu wa aina hii, kwa hiyo hapo umemaliza kabisa kazi uliyoianza kwa jembe.

Ukiliona, fanya hivi. Usisogee kwanza: angalia unapokanyaga, maana mengine yanaweza kuwa yamefichwa na majani makavu hatua moja kutoka hapo. Ondoa majani hayo kwa vidole, moja moja. Piga picha kutoka juu, ubavuni, na mdomoni mwa ua, rula ikiwa kando. Andika GPS, mwinuko, tarehe, rangi ya kila sehemu, na miti iliyo karibu. Hesabu maua yote unayoyaona. Kama yako mengi na una kibali (ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega kibali ni cha ICCN, taasisi ya hifadhi za Kongo, si cha chifu wala cha mwongoza watalii), chukua ua moja au mawili, uyatie kwenye kichupa cha alkoli ya asilimia 70. Usilibane ndani ya gazeti kama unavyofanya na tawi la mti: ua hili ni nyama tupu, litageuka doa jeusi lisilosomeka. Lebo iandike kwa penseli, kwa sababu alkoli hufuta wino wa bic, na kichupa kisicho na lebo ni takataka. Kisha rudisha majani yote yalivyokuwa. Kama yako machache, picha na hesabu zinatosha kwa siku hiyo.

Haya nayo huyasikia mara kwa mara. "Huo ni uyoga." Uyoga hauna stameni sita (viungo vya kiume vya ua) wala mbegu. Fungua ua uone.

"Picha ya simu inatosha kujua ni spishi gani." Mara nyingi haitoshi. Spishi hizi hutofautishwa kwa umbo la ndani ya bomba la ua, mpaka lipasuliwe kwa urefu.

"Tupande mikalitusi, litarudi." Linarudi kutoka wapi? Udongo ukishalimwa na kivuli kikishaondoka, kuvu na miti waliyozoeana wamekwenda pamoja.

"Halijaonekana miaka mingi, basi limekwisha." Hapa niende polepole kidogo. Kwa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kusema spishi imetoweka kunahitaji uitafute kote ilikokuwa, kwa msimu wake, mpaka shaka ya maana isibaki. Kabla ya hapo huitwa "huenda imetoweka", na tofauti hiyo si ya makaratasi tu: msitu ukishasemwa hauna kitu, mwenye msumeno hakawii. Afrothismia pachyantha ilielezwa mwaka 1906 kutoka Kameruni, na katika miaka ya 1990 ikadhaniwa imepatikana tena kwenye Mlima Kupe; mwaka 2019 ua la Kupe likaelezwa kuwa spishi nyingine, Afrothismia kupensis. Jamaa yake wa Marekani, Thismia americana, aliyegunduliwa Chicago mwaka 1912 na kuonekana mara ya mwisho mwaka 1916, ametafutwa sana bila mafanikio, na viwanda vimekalia eneo lake. Huyo siwezi kumtetea.

"Kwetu Kivu halipo." Nani ametafuta? Jenasi hii, yaani kundi zima la spishi za Afrothismia, iko Kameruni upande wa magharibi, na Uganda, Kenya na Tanzania upande wa mashariki. Sisi tuko katikati. Kulitafuta Julai ni kazi bure, kiangazi hakuna kitu juu ya udongo. Nendeni mvua ikishanyesha wiki kadhaa, kwenye msitu mnene ambao haujakatwa, mpige magoti, na jembe libaki nyumbani.